Kapteni Bado Anaita

Shangazi yangu Nyanchama hapendi kuulizwa habari za nyumba ile ya mtaa wa Agincourt, hapa Toronto. Ukimuuliza, naye atakuuliza kama umekula. Kwa hiyo nitasimulia mimi, maana mengine niliyaona kwa macho yangu, na mengine alinieleza jikoni kwangu North York huku akimenya viazi ambavyo hakuna aliyemwomba avimenye. Kazi yangu ni kompyuta. Kitu kikizungumza, naangalia waya kwanza, majini baadaye. Mlijue hilo kabla hatujaanza.

Ilikuwa siku ya kawaida kabisa, Novemba 2009. Shangazi alikuwa akihudumia wazee majumbani, na siku hiyo alipelekwa kwa mtu na mkewe. Alitarajia Wazungu wawili na supu ya kopo. Mlango ukafunguliwa na mama mfupi wa Kihindi, shali begani, akalisoma jina lililoning'inia kifuani pa shangazi.

"Nyanchama. Hilo la Kisii, sivyo? Karibu mwanangu. Vua viatu, sakafu nimeipiga deki sasa hivi."

Kiswahili cha Tanga, laini, kisicho na haraka. Shangazi anasema nusura alie pale pale mlangoni.

Mama huyo aliitwa Gulnar. Mumewe sote tulimwita Kapteni, Mzungu wa hapa hapa Canada, miaka themanini na saba, mrefu hata akiwa amelala. Katika vita vile vya Hitler alikuwa rubani wa ndege ya mabomu, kijana mbichi aliyepewa wenzake sita awapeleke Ujerumani na kuwarudisha. Vita vilipokwisha alikuja kwetu, akarusha ndege ndogo za abiria kati ya Nairobi, Tanga na Zanzibar. Gulnar alikuwa akikata tiketi pale Tanga. Baba yake, mzee Jamaludin, mwenye duka la vitambaa na mtu wa kusali jamatkhana kila jioni na Waismailia wenzake, alimwambia akiolewa na rubani yule asikanyage tena dukani kwake. Akaolewa. Hakukanyaga tena. Wakahamia Toronto, Kapteni akarusha ndege kubwa za abiria mpaka akastaafu. Mtoto hawakujaliwa.

"Yeye ndiye baba yangu, ndiye mtoto wangu," Gulnar alimwambia shangazi. "Sina mwingine."

Kapteni alikuwa na desturi moja. Kila ndege aliyoitua, abiria wakishashuka wote, alitembea hadi safu ya mwisho, akagusa kiti cha nyuma kabisa, ndipo naye akashuka. Wahudumu wa ndege walidhani ni bidii ya kazi. Sababu aliijua mkewe peke yake.

Ilitoka vitani. Kule juu hewa ni nyembamba na baridi inakata, na mtu aliweza kuzimia kwenye kiti chake bila wenzake kujua. Basi rubani aliwaita kila baada ya muda kwa simu ya ndani ya ndege, mmoja mmoja, si kwa majina bali kwa kazi zao. Aliita kwa Kiingereza, mimi nawapa kwa Kiswahili. Ramani? Niko. Redio? Niko. Fundi? Niko. Mabomu? Niko. Mgongo? Niko. Mgongo alikuwa wa bunduki za juu; wa mwisho alikuwa Mkia, yule wa bunduki za nyuma, aliyekaa peke yake ndani ya kibanda cha kioo akitazama kule walikotoka. Safari moja ndege ilishika moto. Kapteni aliita, watano wakaitika. Mkia kimya. Akaita tena, kimya. Akaamini amekwisha kufa. Akaamuru watu waruke, naye akaruka nyuma yao. Waliokuja kukuta mabaki walimwambia baadaye kwamba waya wa simu ya nyuma ulikuwa umekatika. Mlango wa kibanda cha kioo ulikuwa na alama za mtu aliyeupigapiga kutoka ndani.

Sasa uzee ulikuwa umemnyang'anya akili, ukamwachia kuita tu. Kila jioni giza la majira ya baridi lilipoingia, ambalo hapa kwetu huingia watu wakiwa bado ofisini, alikodoa macho kwenye dari akaanza: Ramani? Redio? Fundi? Alifika kwa Mkia, akaita mara nyingi, akalia. Hakumjua tena hata mkewe. Alimwambia "wewe mama" kama anayezungumza na mpita njia.

"Anawaita watu sita kila siku ya Mungu," Gulnar alisema siku moja, akikunja shuka. "Mimi hanitaji hata kwa makosa." Shangazi akashika ncha ya pili ya shuka.

Ndipo shangazi akaniomba nimnunulie kile kidude cha kusikilizia watoto wachanga, ili wamsikie Kapteni wakiwa jikoni. Nikakinunua, nikakifunga mwenyewe. Ni vipande viwili. Cha chumbani kinasikia, cha jikoni kinatoa sauti. Cha jikoni hakina maikrofoni. Likumbukeni hilo.

Siku hiyo hiyo walikuwa wameketi kwa chai ya maziwa, nje theluji inaanguka taratibu. Kidude kikakoroma.

"Ramani?" Sauti ya Kapteni.

Kikakoroma tena.

"Niko."

Ilikuwa sauti ya kijana. Shangazi aliweka kikombe chini, akakimbilia chumbani. Kapteni alikuwa peke yake, kalala chali. "Redio?" aliita, akanyamaza, akaitikia kwa kichwa. Mle chumbani hamkusikika kitu. Lakini kutoka jikoni, kwenye kile kidude, shangazi alisikia wazi: "Niko."

Akarudi mbio. Gulnar alikuwa ameziba mdomo kwa shali. Fundi aliitika. Mabomu aliitika. Mgongo aliitika.

"Mkia?"

Hakuna.

"Mkia?"

Hakuna. Halafu, mbali, mtu akawa anagonga bati.

Shangazi alinipigia simu usiku nikamcheka. "Shangazi, hizo ni redio za teksi, mawimbi yanaingiliana. Usinitishie watu." Akakata simu bila kuniaga, na yeye si mtu wa kukata simu.

Sauti zilirudi kila jioni. Kila jioni Kapteni alilia, na kila jioni lile bati liligongwa. Gulnar alianza kukonda. Kisha jioni moja shangazi akamwona ameinamia kile kidude, midomo inacheza.

"Mama, usifanye hivyo," alinong'ona. "Kwetu ukiitwa na mtu usiyemwona, huitiki. Ukiitika umekubali kwenda."

"Hata Tanga tulikatazwa," Gulnar akasema. "Lakini huyu simwoni vipi? Ni mume wangu, yuko chumba cha pili, anakufa akilia."

"Mkia?" Kapteni aliita.

"Niko," akasema Gulnar.

Kwenye kidude kisicho na maikrofoni. Kwa sauti ya chini, jikoni, mlango umefungwa.

Bati likaacha kugongwa. Kisha wakamsikia Kapteni akishusha pumzi ndefu. "Ulikuwa wapi?" alisema. "Nimekuita mpaka nimechoka. Ulikuwa wapi wewe?"

"Nipo," Gulnar alisema, machozi yakimtiririka. "Nipo nyuma yako. Sijakuacha."

Kuanzia hapo Kapteni akatulia. Akala. Akalala usingizi mzuri. Na Gulnar akaanza kuona baridi. Si baridi ya kawaida. Alivaa koti la nje ndani ya nyumba, na glavu juu ya glavu. Ncha za vidole zikawa nyeupe na ngumu, na yeye hakuwa ametoka nje siku nyingi. Daktari hakuona kitu. Akahamishia kiti chake chumba cha nyuma, kwenye dirisha la uani, akawa anashinda pale amewapa watu mgongo.

"Mama, geuka basi unywe chai," shangazi alimbembeleza.

"Siwezi mwanangu. Nikigeuka, nani ataangalia nyuma?"

Mimi mwenyewe nilimwona akiwa hivyo. Nilikwenda kukagua kile kidude, nikakifungua chote, nikakikuta kizima. Nilimsalimu akaitikia bila kugeuka. Pumzi yake ilikuwa ikitoka moshi, na mimi nilikuwa nimevua sweta kwa joto. Sikumwambia shangazi kwamba niliogopa. Nilimwambia nina kikao kazini.

Ikaja ile jioni ya Januari. Shangazi alikuwa jikoni anapasha maziwa. Kidude kikakoroma, na Kapteni hakuita mtu.

"Moto," alisema.

Harufu ya waya unaoungua ikaingia jikoni. Shangazi alizima jiko. Harufu ikazidi.

"Rukeni. Nyote. Rukeni."

Zile sauti zikaaga, moja baada ya nyingine. Kila iliyoaga ilifuatiwa na upepo mkali, kisha kimya.

"Mkia?"

"Niko," sauti ya Gulnar ikajibu, kutoka kwenye kidude. Naye alikuwa chumba cha nyuma. "Mlango umekwama."

Shangazi alikimbia. Mlango wa chumba cha nyuma haukuwa na kitasa cha kufungia, miaka yote ulisukumwa tu. Ulikataa. Aliusukuma kwa bega. Ulikataa. Ndani mtu alikuwa akiugonga kwa ngumi, akigonga, akigonga, na ulikuwa wa baridi kiasi cha kunasa kiganja.

Akasikia nyayo.

Kapteni alikuwa kwenye ujia. Mtu aliyekuwa akigeuzwa kitandani kwa shuka tangu kiangazi, amesimama, anakuja ameshika ukuta. Alimpita shangazi bila kumwona. Akasukuma mlango kwa mkono mmoja na mlango ukafunguka.

"Gulnar," alisema. "Gulnar, toka. Twende."

Kwa jina lake. Kwa Kiswahili. Gulnar, ameketi pale dirishani kana kwamba hakuinuka, aligeuka. Kapteni alinyoosha mkono akagusa mgongo wa kile kiti, kama alivyogusa viti vyote vya nyuma maishani mwake, kisha akaanguka. Alikufa kichwa kikiwa mapajani pa mkewe, na mkewe anacheka na kulia kwa pamoja, anamwambia shangazi, "Umesikia? Amenitaja. Umesikia lakini?" Kioo cha dirisha kilikuwa kimeganda barafu, upande wa ndani.

Tulimzika. Vidole vya Gulnar vikapona. Shangazi aliendelea kwenda kumwangalia, sasa kwa hiari yake, wakapika pamoja, wakasimuliana Tanga na Kisii. Kidude kilibaki jikoni na Gulnar hakutaka kizimwe. Shangazi akaona ni upweke tu, akamwachia.

Jioni moja ya Machi kikakoroma.

Ramani? Niko. Redio? Niko. Fundi, Mabomu, Mgongo, wote. "Mkia?" Na safari hii akaitika kijana ambaye hawakuwahi kumsikia, sauti changa, yenye kicheko ndani yake. "Niko!" Gulnar alitabasamu. Watu wa Kapteni wote walikuwa wametimia.

Kidude kikakoroma tena.

"Gulnar?"

Gulnar alivuta pumzi, mdomo ukafunguka. Shangazi alimrukia, akamziba kwa kiganja, na kwa mkono wa pili akachomoa betri. Mama yule mfupi alipigana naye.

"Niachie! Ananiita mimi! Kwa jina langu, Nyanchama!"

Shangazi alikileta kidude kwangu jioni ile ile, kimefungwa ndani ya khanga. Kile cha chumbani alikitupa. Gulnar alipiga simu kila siku. Hakugomba. Aliomba, na kuomba kwake ndiko kulikouma zaidi. "Nirudishie kidude, mwanangu. Nataka kumsikia tu. Naapa sitaitika." Sote watatu tulijua ataitika. Shangazi alikataa, kila alipokata simu alilia, na mimi nilimwambia amefanya vyema, amemwokoa. Gulnar alifariki Mei, hospitalini, usingizini, watu wa jamatkhana wakamzika kwa heshima zote. Nilidhani yameisha.

Sasa ni 2014. Kidude kiko kabatini kwangu, hakina betri, hakina mwenziwe. Kila mwaka Novemba ikiingia, giza likishuka, kinaanza. Ramani, Redio, Fundi, Mabomu, Mgongo, Mkia. Wote wako. Kisha anaita, "Gulnar?" Anangoja. Anaita tena. Nimemsikia mzee yule akilia humo kabatini mpaka nimetoka nje kusimama kwenye theluji bila koti.

Mwaka juzi likaongezeka jingine. Akishaita jina lile, akanyamaza, mbali kabisa mtu anagonga bati. Si Mkia, maana Mkia ameshaitika. Anagonga polepole, kwa ngumi ndogo.

Nilimleta shangazi asikie. Alikaa sakafuni mbele ya kabati, mikono kichwani.

"Woi, ni yeye," alinong'ona. "Anaitika. Anaitika na hasikiki. Waya wake tuliukata sisi."

Juzi nimezirudisha betri. Hakikuwaka, na bati halikuacha kugongwa. Asubuhi nilipofungua kabati nikakuta upande wa ndani wa mlango umeganda barafu, na katikati ya barafu zimejaa alama za ngumi, ndogo, za mtu mfupi.