Sembe ya Kwa Flavian

Getruda alikutwa sakafuni jikoni kwake, mjini Sumbawanga, povu limemkaukia mdomoni. Mbwa wake alikuwa mlangoni, naye amekufa. Mumewe, mzee Yonas, alikuwa mzima wa afya, na huo uzima ndio uliomponza.

Majirani walishamhukumu kabla Inspekta Masunga hajavuka kizingiti.

"Walikula pamoja, afande! Iweje afe mmoja?"

Masunga alimchukua Yonas hadi kituoni.

"Shikamoo, mzee. Mlikula nini jana?"

"Marahaba. Maharage."

"Na ugali?"

"Yeye sembe. Mimi ulezi."

"Sufuria mbili kwa watu wawili?"

"Mimi Mfipa wa zamani, mwanangu. Sembe hainishibishi. Marehemu alikuwa akinicheka kwa hilo."

Masunga, mzaliwa wa Shinyanga, aliona huo ni uongo wa kitoto. Kisha akamkumbuka mbwa.

"Mbwa alipewa nini?"

"Ukoko wa sembe."

Maharage walikula wote wawili. Sumu basi ilikuwa kwenye unga. Daktari aliyepima maiti alithibitisha kuwa ni dawa ya kuhifadhia mbegu.

"Unga mlinunua wapi?"

"Kwa Flavian. Hakuna anayemshinda kwa bei."

Ni kweli. Tangu biashara huria iingie, wenye mashine za kusaga walikuwa wakishindana kushusha bei, na Flavian alishusha kuliko wote. Mpaka kanisani alisifiwa kuwa anawajali wanyonge. Wanyonge gani, jamani!

Masunga alimkuta nyumbani, chakula ndiyo kwanza kimeandaliwa. Luciana, mkewe, alimletea mgeni maji ya kunawa. Masunga alinawa, lakini macho yake yalikuwa kwenye mfuko wa unga pale pembeni. Ulikuwa na chapa ya Adolfu, mshindani wao.

"Mama, muuza unga naye ananunua unga?"

"Baba Jane amenikataza kupika wa kwetu, afande. Anasema ule ni wa biashara."

Flavian alirudisha tonge kwenye sahani.

"Bwana Flavian," Masunga alisema, "mama akusongee ugali wa unga wako. Nitasubiri."

Flavian alimshika mkewe mkono asiinuke. Askari aliokuja nao Masunga walipopekua ghala walikuta magunia ya mbegu za mahindi zilizopakwa dawa nyekundu, na pipa la maji mekundu.

"Niliziosha, afande."

"Uliosha rangi! Sumu je?"

"Zilikuwa zimepitwa na muda. Ushirika uliofilisika ulikuwa unazitupa. Adolfu akishusha, nami nashusha. Akashusha tena. Ningefunga mashine!"

"Si ungefunga!" Masunga alifoka, akapiga meza kwa ngumi. "Ungefunga ukalime! Wako umewakataza, wa wenzako ukawapimia!"

"Aliyewapimia ni mimi," Luciana alisema. "Getruda ndiye mteja wa kwanza wa unga huo, nimempimia kwa mkono wangu huu." Kisha akaanza kulia.

Jioni ile Masunga mwenyewe alimfungulia Yonas mlango wa mahabusu, akamwomba radhi. Mzee hakuinuka.

"Marehemu alitaka unga wa Adolfu," alisema. "Mimi ndiye niliyemgombeza. Nikamwambia, nenda kwa Flavian, huko ni nafuu."