Kimbunga cha Mama Bahari

Winifred ana duka dogo Kabeza, mtaa wa Kigali, Rwanda. Anauza unga, sabuni na mkaa. Mumewe, Bayingana, ni fundi wa kupaua nyumba, na wiki kisa hiki kilipotokea alikuwa Ndera kwa kazi.

Winifred alikulia Karagwe, Tanzania. Karagwe haina bahari. Ukitoka kule, bahari iko mbali karibu sawa na ukitoka Kigali. Lakini pale Kabeza nani angejua? Kila alipowasimulia majirani habari za Tanzania, aliongeza mawimbi kidogo. Wakamwita Mama Bahari. Jina lilimpendeza, akalinyamazia.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi, baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, watu waliweka majembe chini wakaketi kwa mkutano. Mmoja alikuwa na ujumbe kwenye simu. Ulisema kimbunga kiko baharini, karibu na pwani ya Tanzania.

Mzee Twagirayezu, jirani anayeishi peke yake, alimgeukia Winifred.

"Mama Bahari, wewe ndiyo unajua mambo ya bahari. Hiyo kimbunga iko inakuja huku?"

Watu wote walimtazama. Neno "sijui" ni fupi sana, lakini siku ile lilimshinda.

"Kitafika," alisema. "Kimbunga kikigusa nchi kavu ndipo kinapata nguvu. Kesho kutwa kiko hapa. Wekeni mawe juu ya mabati."

Jioni ile nyumba tisa ziliwekwa mawe. Mzee Twagirayezu naye alipanda, jiwe mkononi, miaka sabini mgongoni. Ngazi iliteleza. Akaanguka, akavunjika mkono.

Jumatatu jua liliwaka. Jumanne pia. Kimbunga hakikuonekana.

Winifred alianza kupita njia ya nyuma, asionane na Mzee. Alimpikia supu, lakini alimtuma binti yake, Shimwa, aipeleke.

"Mama, Mzee anauliza mbona huendi mwenyewe."

"Mwambie nina wateja wengi."

Shimwa alitazama dukani. Hapakuwa na mtu. Winifred aliinamisha kichwa. Kumdanganya mtoto wako huku anakuona, hiyo ni aibu juu ya aibu.

Alasiri Aurore alikuja kununua mkaa. Aurore ni jirani, na kazi yake ni kupima hali ya hewa.

"Mama Shimwa, nilikuwa safarini. Haya mawe juu ya nyumba ni ya nini?"

Masikio ya Winifred yaliwaka moto.

"Ni mimi, Aurore. Niliwaambia kimbunga kinapata nguvu nchi kavu. Mzee wa watu amevunjika mkono. Na bahari yenyewe sijawahi kuiona hata siku moja."

Aurore hakucheka. Alisogeza ndoo ya maji.

"Lowesha vidole. Sasa vipulize. Unasikia nini?"

"Baridi."

"Maji yanageuka mvuke, na mvuke unaondoka na joto la mkono wako. Baharini iko hivyo hivyo. Maji ya juu yakiwa na joto sana, upepo unachota mvuke mwingi. Joto la bahari limo ndani ya ule mvuke."

Jikoni, nyuma ya duka, sufuria ya chai ilikuwa inachemka. Aurore aliinua mfuniko. Matone yalidondoka.

"Gusa mfuniko kidogo."

"Yebaba we! Unaunguza!"

"Ni mvuke ulioupasha moto. Mvuke ukipoa unarudi kuwa matone, na unaacha joto lake. Juu angani matone hayo ndiyo mawingu. Lile joto linafanya hewa ipande zaidi. Hewa nyingine ya huku chini inakimbia kuja kujaza nafasi. Huo ndio upepo. Dunia inazunguka, kwa hiyo upepo nao unapinda, unazunguka. Ukivuma kwa nguvu, unachota mvuke zaidi. Hivyo ndivyo kimbunga kinavyokua."

"Na kikifika nchi kavu?"

Aurore aliipua sufuria akaiweka chini. Chai iliacha kuchemka. Mvuke ukaanza kupungua.

"Kinaweza kuvunja nyumba za pwani na kuleta mafuriko. Lakini bahari ndiyo jiko lake. Kikitoka jikoni, nguvu inaisha. Na kutoka baharini hadi hapa ni zaidi ya kilomita elfu moja."

"Basi hatari haipo."

"Iko, Mama Shimwa. Mvua zetu zina upepo wake, na huo hauhitaji bahari ya karibu. Ukipeperusha bati moja, yale mawe yatamwangukia nani?"

Winifred alitazama nje. Shimwa alikuwa anaruka kamba chini ya paa la jirani. Juu ya kichwa chake kulikuwa na mawe manne.

"Shimwa! Toka hapo!"

Alifunga duka. Safari hii alipita njia ya mbele.

Mzee Twagirayezu alikuwa ameketi mlangoni, mkono umefungwa.

"Mbabarira, Mzee," alisema Winifred. Nisamehe. "Nilikudanganya. Sijui bahari. Niliona haya kusema sijui, na wewe ukaumia."

Mzee aliuegemeza mkono wake gotini. Winifred hakuthubutu kuinua macho.

"Supu ilikuwa nzuri," Mzee alisema. "Lakini mimi nilikuwa nangoja wewe."

Winifred alilia pale pale, mbele ya wapita njia.

Kesho yake Bayingana alirudi na ngazi yake. Nyumba tisa, na kila mlango Winifred aliungama upya. Wengine walimcheka. Mmoja alimtukana. Alivumilia. Bayingana aliteremsha mawe, akapigilia misumari iliyolegea, akayafunga mapaa kwa waya hadi kwenye nguzo.

Wiki mbili baadaye mvua ilikuja na upepo mkali. Miti iliinama. Hakuna bati lililoruka. Hakuna jiwe lililoanguka.

Kwenye umuganda uliofuata, mtu mmoja aliuliza kwa utani, "Mama Bahari, mwezi huu mvua itakuwaje?"

Watu wakamgeukia. Mzee Twagirayezu alimtazama.

"Sijui," alisema Winifred. "Tumuulize Aurore."

Mzee alisogea kwenye benchi, akampa nafasi akae kando yake.