Madirisha Yaliyoganda

Kila asubuhi, tangu shule zifungwe kwa sababu ya ugonjwa, Chiriku alifagia ua, akamchemshia bibi yake maji ya kunywa, kisha akaketi kando ya redio kusikiliza masomo. Jina hilo alipewa na bibi huyohuyo, maana mtoto hakufunga mdomo hata akiwa na tonge kinywani. Lakini redio haiulizwi swali. Hesabu ikimshinda, mwalimu wa redioni aliendelea zake, naye Chiriku akabaki anauma kalamu. Alikuwa na hamu ya shule mpaka akaota ubao.

"Leo wazazi wanakutana," bibi alisema huku akikohoa. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani, na ugonjwa huu ukimpata, nyumbani wote walijua mwisho wake. "Wakikubali, Jumatatu utarudi kuwasumbua walimu wako."

Chiriku hakucheka. Juzi alikuwa amempelekea baba yake chakula shuleni. Baba alikuwa fundi wa rangi, na Mwalimu Mkuu alitaka madarasa yote yapakwe kabla ya mkutano ili yapendeze machoni pa wazazi. Harufu ya rangi ilimchoma Chiriku puani, akaenda kufungua dirisha. Halikufunguka. Akajaribu la pili, nalo vilevile. Kwa haraka yake, baba alikuwa ameyapaka yakiwa yamefungwa, na rangi ya mafuta ilipokauka ikayashika kama gundi.

"Nitayabandua baadaye," baba alisema, akichungulia mlangoni. "Na wewe, huo mdomo wako uupumzishe."

Mkutano ulifanyika uwanjani, viti vimeachana, kila mtu na barakoa yake. Wanafunzi wa darasa la mwisho, Chiriku miongoni mwao, waliruhusiwa kusikiliza kwa pembeni. Maneno yalipamba moto upesi.

"Watoto wanaharibikia mitaani!" mama mshona nguo alisema. "Wangu amesahau hata kusoma. Tufungue!"

"Na wakituletea ugonjwa nyumbani?" dereva wa lori akamjibu. "Masomo yanafidiwa, mama. Roho haifidiwi."

Muuguzi wa zahanati akasimama. "Ndugu zangu, nyote mna haki. Shule inaweza kufunguliwa, lakini barakoa na sabuni peke yake havitoshi. Chumba kikifungwa, mmoja akikohoa wote wanavuta hewa ileile. Madirisha yanafunguka?"

"Ondoa shaka," Mwalimu Mkuu alisema. "Yametoka kupakwa rangi. Si ndiyo, fundi?"

Baba akajikuna shingo. "Ndiyo, mwalimu."

"Basi wanaokubali Jumatatu, wanyooshe mikono."

Mikono ikaanza kupanda. Akisema, shule haifunguliwi, na baba yake anaaibika mbele ya watu. Akinyamaza, shule anaipata, halafu huenda akamrudia bibi na ugonjwa wa darasani. Siku zote maneno yalimjaa tele, leo hata moja halikuja. Mkono wa baba nao ukapanda, kucha bado zina rangi nyeupe.

"Hayafunguki!" Chiriku akasema. "Madirisha yameganda kwa rangi. Nimeyajaribu mwenyewe."

"Mtoto gani huyu asiye na adabu?" mtu akaguna. Baba akasimama, akashusha barakoa aseme, akakumbuka, akaipandisha tena.

"Mwanangu amesema kweli. Mimi ndiye niliyedanganya. Niliona haya. Nisameheni."

Kelele zikalipuka. Mama mshona nguo alimkodolea Chiriku macho kana kwamba ndiye aliyeuleta ugonjwa. Mwalimu Mkuu aliinua mikono mpaka wakatulia. "Kosa ni langu pia," alisema. "Nilitaka madarasa yapendeze, sikuuliza kama yanafaa. Tutasubiri wiki moja zaidi." Wenzake wa darasa la mwisho walimnunia, na Chiriku akalia njia nzima.

Kesho yake baba alikwenda shuleni na kisu kipana cha kukwangulia rangi. Dereva wa lori alikuja na chake, hata mama mshona nguo akaja na msasa. Chiriku alikwangua kando ya baba yake. Dirisha la kwanza lilipoachia, baba alimsogeza mwanawe mbele ya la pili.

"Jaribu hilo, mkaguzi," alisema. Kisha akaongeza polepole, "Nilikuambia uupumzishe mdomo. Nilikosea, mwanangu."

Muuguzi alifungua kila dirisha kwa mkono wake kabla hajakubali. Wiki ile ya kusubiri ilipopita, Jumatatu shule ikafunguliwa, upepo ukapeperusha karatasi darasani, na hakuna aliyenung'unika.

Jioni Chiriku alinawa mikono, akaketi mlangoni mbali na kitanda cha bibi, barakoa usoni.

"Wenzangu wengine bado wamenuna, bibi."

"Waache wanune," bibi alisema, "kununa hakuui. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Aibu ya baba yako imeisha kwa kisu na msasa, mjukuu wangu. Kifua changu kisingepona kwa msasa. Ukiona jambo la hatari, liseme, hata likimgusa umpendaye."

Akanyoosha mkono, akalisukuma dirisha lake mpaka mwisho. "Haya, Chiriku. Sasa nihadithie ya shuleni, yote."