Simu Kwenye Sufuria

Asubuhi hiyo watu walikuwa wakipiga kelele kuliko cherehani. Fundi alikuwa mezani, anakata kitambaa cheupe. Mumewe alikuwa kwenye pasi. Mama mkwe alikaa karibu na mlango, anatoa nyuzi zilizobaki kwenye mapindo. Walikuwa wanashona sare za wanafunzi wa chuo cha uuguzi. Jumamosi wangehitimu, na sare zote zilitakiwa ziwe tayari Ijumaa jioni.

Mume huyo watu walimwita Redio. Hakuwa fundi wa redio, hata kidogo. Yeye mwenyewe ndiye redio. Habari ikimwingia sikioni, haikai. Inatokea mdomoni papo hapo, tena imeongezwa chumvi.

"Haya, sikilizeni," alisema, pasi mkono mmoja, simu mkono wa pili. "Wamegundua mji chini ya bahari. Mji mzima! Barabara, nyumba, na taa bado zinawaka."

Mdogo wake, Kinyozi wa chumba cha jirani, alikuwa amesimama mlangoni kwa kukosa wateja. Alicheka mpaka akashika mlango asianguke.

"Taa zinawaka chini ya maji? Kaka, hapa kwetu yakidondoka matone mawili tu ya mvua umeme unakatika!"

"Hao walikuwa na teknolojia."

"Na umeme nani analipia?"

"Samaki," alijibu Mama mkwe bila kuinua macho.

Kinyozi akainyakua simu, akaikuza picha. "Hebu mwone samaki huyu. Ni mkubwa kuliko nyumba! Ama huyu samaki ni wa ajabu, ama zile nyumba ni za panya."

"Wewe unapinga kila kitu."

"Na wewe unakubali kila kitu!"

"Baba watoto, pasi!" Fundi alipiga kelele. Moshi ulikuwa unapanda. Bahati nzuri kilichoungua kilikuwa kitambaa cha kutandikia, si sare. Redio aliomba radhi haraka haraka, kisha akautuma ule mji kwa kundi la ukoo, kundi la wapangaji na kundi la waliochangia msiba wa mwaka jana.

Hapa lazima nieleze jinsi Fundi alivyofanya kazi yake. Akipima mtu, mikono yake yote miwili huwa kwenye futi ya kupimia. Hana mkono wa kuandika. Kwa hiyo huweka simu mezani, akairekodi sauti yake mwenyewe. "Kifua kiasi hiki. Kiuno kiasi hiki. Nyonga kiasi hiki." Wakati wa kukata, anasikiliza sauti yake huku mkasi unatembea. Alizoea hivyo, na hakuwahi kukosea. Ila simu yenyewe haikuwa na namba ya siri. Nani aifunge, na wao ni familia?

Alhamisi mchana Redio aliingia bila mzaha. Uso ulikuwa umemshuka.

"Kuna sheria mpya," alisema. Akaanza kusoma. "'Kuanzia leo simu zote zinasikilizwa. Ukiona alama tatu nyekundu, ujue umeshasomwa. Waliosambaza habari za uongo watafuatwa nyumba kwa nyumba. Anayetaja tarakimu nyingi kwa sauti, mashine itamhesabu kuwa anatuma siri. Watumie wote unaowapenda, haraka, kabla ujumbe huu haujafutwa.'"

Kinyozi akacheka, lakini safari hii si sana. "Wakisikiliza simu zote, nani atabaki wa kufanya kazi? Nusu ya watu watakuwa wanasikiliza nusu nyingine ikiulizana habari za kuku."

"Wewe cheka tu. Ule mji mimi nimeutuma kila mahali."

Fundi aliacha cherehani. "Kwani ni kweli?"

"Imeandikwa kwa herufi kubwa."

"Nauliza, ni kweli?"

Redio aliusoma tena ujumbe. Hakujua. Kinyozi naye hakujua. Mmoja alisema sheria hiyo imepita zamani. Mwingine alisema ni ya nchi nyingine kabisa. Kila walivyozidi kubishana, ndivyo Fundi alivyozidi kuchanganyikiwa. Alitazama simu yake pale mezani kana kwamba nayo ilikuwa inamtazama.

"Ziwekeni kwenye sufuria," alisema Mama mkwe. "Mfunike. Chuma hakipitishi sauti."

Usicheke, msomaji. Walifanya hivyo. Simu zote ziliingia kwenye sufuria kubwa, mfuniko juu yake, na juu ya mfuniko wakaweka pasi iliyopoa. Wateja walipiga mchana kutwa. Kila simu ilipolia, sufuria ilitetemeka, na watu wazima wakashtuka vitini.

Jioni Fundi alitoka kununua vifungo. Aliporudi alimkuta mumewe anatabasamu, kama mtu aliyetua mzigo.

"Nimekusafishia simu," alisema. "Hata wakija sasa, hawakuti kitu."

"Umesafisha nini?"

"Vyote. Hasa zile sauti zako. Mke wangu, zilikuwa hatari! Tarakimu tupu, mwanzo mpaka mwisho."

Mfuko wa vifungo ulimponyoka Fundi. "Zile ni nyonga za watu!" alipiga kelele. "Ni viuno vya watu, wewe baba! Nitakata nini mimi sasa?"

Sare nyingi zilikuwa zimeshakatwa, namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini chache zilibaki, na moja kati ya hizo ndiyo iliyomtoa machozi. Ilikuwa ya msichana ambaye bega lake la kushoto limeshuka, na mgongo wake umepinda kidogo. Alikuja peke yake, wenzake walipokwisha ondoka. Aliomba apimwe nyuma ya pazia. "Fundi, nisaidie," alimwambia. "Nataka siku ile nisimame na wenzangu bila kutazamwa." Fundi alimpima taratibu, kila upande kivyake, akayasema yote kwa sauti ya chini kwenye simu. Sare ya namna ile haikisiwi. Ukikosea kidogo tu, kola inakwenda upande na kila jicho linaona.

"Nikikisia, nitamwaibisha mbele ya chuo kizima," Fundi alisema. Redio hakujibu kitu. Hiyo kwake ilikuwa ajabu kubwa kuliko mji wa baharini.

Ijumaa asubuhi alikuja Mkutubi, mwanamke anayesimamia maktaba ya mtaa. Alifuata sketi yake. Alikuta watu wamenuna, na sufuria ya simu katikati ya meza.

"Mnapika nini?" aliuliza.

Walimweleza, wote kwa pamoja. Mkutubi alikaa chini, akaomba waanze upya, mmoja mmoja.

"Tuanze na mji," alisema. "Picha hii nilitumiwa mwaka jana, na mwaka juzi pia. Kila mwaka mji huu unagunduliwa 'leo'." Alitafuta kwenye simu yake, akawaonyesha picha ile ile, ila nzima. Pembeni kulikuwa na jina la msanii, na maneno kwamba ameichora kwa kompyuta. "Aliyeisambaza amekata hapa pembeni. Shemeji, nani alikutumia?"

"Mpangaji mwenzangu wa zamani."

"Naye alipata wapi?"

"Kwa shemeji yake."

"Shemeji yake ni mpiga mbizi?"

"Ni muuza magodoro," Redio alisema kwa sauti ndogo. Kinyozi akageukia ukutani, mabega yakimtikisika.

"Basi," alisema Mkutubi. "Habari ikifika, usiitume bado. Jiulize: nani amesema, na jina lake lipo? Alisema lini? Nani mwingine anayeaminika amesema hivyo? Na ukiona wanakuhimiza utume haraka, hapo tulia zaidi."

"Na sheria?" Fundi aliuliza. Hilo ndilo lililomkaa moyoni. "Nayo imechorwa?"

"Hapo sasa pana kweli na uongo ndani ya chungu kimoja. Alama tatu nyekundu ni uongo. Mambo ya tarakimu ni uongo. Kuanzia leo pia ni uongo, maana sheria yenyewe bado haijapitishwa. Lakini muswada upo."

"Muswada ndiyo nini?" aliuliza Mama mkwe.

"Ni sheria inayopendekezwa, Mama. Bado inajadiliwa. Nakala iko maktaba, mezani, mtu yeyote anaweza kusoma. Nami nimeusoma. Kuna kifungu kinasema kampuni za simu zitunze mawasiliano ya wateja, na afisa akiyataka apewe. Hakisemi lazima kwanza apate kibali cha mahakama. Wanaokiunga mkono wanasema kitasaidia kukamata wezi na matapeli. Wengine wanasema bila kibali, mtu atachunguzwa hivi hivi tu. Wiki ijayo kuna mkutano wa wananchi kutoa maoni."

Redio alishika kichwa. "Dada, mimi sielewi. Nicheke au niogope?"

"Mji ucheke. Muswada usome."

"Na simu nizitoe kwenye sufuria?"

"Zitoe, jamani! Watu wanapiga."

Fundi alizitoa. Aliwapigia simu wale ambao sare zao hazijakatwa, akaomba radhi, akawaita upya. Mkutubi alimfundisha kuifunga simu kwa namba ya siri, na kuweka nakala ya sauti zake mahali pa pili palipofungwa pia, ili zikifutika zisipotee. Haikuchukua muda hata wa kunywa chai.

Msichana yule alifika mchana. Hakugomba. Aliingia nyuma ya pazia, akavua koti, akasimama. Fundi alipima upya, akanong'ona vipimo kwenye simu. Walipomaliza, msichana aliuliza:

"Fundi, ile sauti ya kwanza, uliyorekodi habari za mgongo wangu, nani ameisikia?"

"Imefutwa, mwanangu."

"Najua imefutwa. Nauliza nani ameisikia."

Swali hilo Fundi hakuwahi kujiuliza. Tangu jana mchana alikuwa akiogopa mashine ya mbali, isiyojulikana iko wapi. Simu yenyewe ilikuwa imelala mezani, wazi, kila siku ya Mungu.

Upande wa pili wa pazia Redio alikohoa.

"Ni mimi," alisema. "Nilizisikiliza kabla ya kuzifuta. Nilitaka kujua zina nini. Sikuwa na haki hiyo. Nisamehe, binti yangu. Sijamwambia mtu."

Kinyozi mlangoni alitazama viatu vyake. Msichana alivaa koti, akafunga vifungo vyote mpaka juu. "Nimesikia," alisema tu, akaondoka.

Fundi aliona aibu, aibu ya kweli. Hakumgombeza mumewe. Alirudi kwenye cherehani, akashona mpaka jua likazama. Redio alipiga pasi sare nyingine. Sare ya yule msichana Fundi aliipiga pasi mwenyewe.

Jumamosi wanafunzi walisimama mstari mmoja, weupe pee. Fundi alikuwa mwishoni mwa ukumbi. Alimtafuta yule msichana, na kwa muda hakumpata. Alifanana na wenzake wote. Fundi akashusha pumzi.

Wiki iliyofuata walikwenda kwenye mkutano wa maoni, familia nzima. Kule maktaba walikuwa wamesoma kile kifungu mara mbili, Mkutubi akiwaeleza maneno magumu. Bado mengine hayakuwaingia. Redio alikuwa na habari mpya tangu asubuhi, juu ya mashine inayosoma ndoto, na alikuwa hajaituma kwa mtu. Ilimwasha, lakini aliishika.

Watu walisema mengi, mengine ya maana, mengine vichekesho. Fundi alinyoosha mkono. Alipopewa nafasi, alisimama.

"Mimi nashona nguo," alisema. "Naomba kifungu hiki kiongezwe kibali cha mahakama."

Afisa aliyeketi mbele alitabasamu. "Mama, fundi wa nguo ana nini cha kuficha?"

Watu wakacheka. Fundi alisubiri wamalize.

"Changu sina," alisema. "Lakini ndani ya simu yangu kuna miili ya watu. Waliniambia mimi peke yangu, nyuma ya pazia. Tayari nimewahi kuiacha ikasikilizwa na mtu asiyehusika, na aliyeumia hakuwa mimi. Mkiwa na sababu ya kusikiliza, mwambieni hakimu kwanza. Ni hilo tu."

Hakuna aliyecheka. Karani akaanza kuandika.

Kiti kikasogezwa mwishoni mwa ukumbi. Yule msichana alisimama, amevaa sare yake nyeupe, ametoka kazini. Watu wote waligeuka kumtazama, naye hakukaa.

"Mmoja wa watu hao ni mimi," alisema. "Na mimi niandikeni."

Karani alimwuliza jina lake. Akalitaja kwa sauti.