Chemchemi Iliyopewa Jina la Aimée

Kijia kile Katembo Symphorien hakukichora yeye. Kilianza kwenye chemchemi moja milimani, upande wa juu wa mji wa Mweso, kikashuka bondeni, kisha kikakatika katikati ya pori. Alikikuta asubuhi moja ya kiangazi alipofungua ramani yake. Akatazama mahali ambapo jina la mchoraji huonekana. Palikuwa peupe.

Alikifuta, akaendelea na kazi.

Symphorien alikuwa na kibanda cha kuchaji na kutengeneza simu karibu na soko. Mtu akileta simu iliyopasuka kioo, ilibidi kwanza asikilize habari za pweza mwenye mioyo mitatu, au aoneshwe volkano ya Ulaya inayowaka wakati huohuo mbele ya kamera. Alisikiliza redio za visiwa ambavyo asingevifikia kamwe, akacheka na watangazaji ambao hakuelewa lugha yao. Lakini alichokipenda kuliko vyote ni ile ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuichora. Unapewa picha iliyopigwa kutoka juu, unafuatisha barabara na mapaa ya nyumba, unaandika majina. Kabla yake Mweso ilikuwa doa tupu lenye mstari mmoja. Yeye ndiye aliyeweka soko, makanisa, madaraja, na nyumba yake mwenyewe yenye vyumba viwili. Madereva wa malori walimpenda kwa ajili hiyo.

Miezi michache nyuma aliona kwenye picha jicho dogo la maji meusi, juu ya kijiji ambacho watu wake walikuwa wamekimbia vita. Hakukuwa na mtu wa kuuliza lile jicho linaitwaje. Binti yake wa pekee, Aimée, mwenye miaka saba, alikuwa amekaa magotini pake.

"Papa, andika yangu," mtoto alisema.

Symphorien akacheka, akaandika: Aimée.

Sasa kijia kilikuwa kimerudi. Alikuta kimevuka mto, kimekuwa kirefu kuliko jana. Akafuta tena, kikarudi tena, na kila kiliporudi kilikuwa kimeongeza bonde moja au kilima kimoja. Ramani ile ina sehemu ya wachoraji kuandikiana. Symphorien akaandika: "Ndugu yangu, unachora nini huku kwetu?"

Jibu lilimfikia wakati wa chakula cha mchana.

"Aksanti kwa jina."

Hakumwambia mke wake. Falone alikuwa na jambo lake lililomsumbua. Siku hizo mtoto alikuwa haitikii. Anaitwa mara tatu, mara nne, naye amekaa palepale mlangoni anamenya maharage, hata kichwa hainui. Falone alimpeleka kwa muuguzi, akaambiwa masikio ni mazima. Waliporudi nyumbani akapiga magoti mbele yake, akamshika mashavu.

"Aimée. Aimée, mama. Juu ya nini hauitike?"

"Haiko jina yangu."

"Njo jina ya nani?"

"Ya ule mwenye iko nakuja."

Mashavu ya mtoto yalikuwa baridi, na kwenye nywele zake, alizozisuka Falone mwenyewe juzi, mlikuwa na harufu ya tope la chini, lile ambalo halijawahi kuona jua.

Falone alikwenda mbio mpaka kwenye kibanda, akamweleza mumewe yote. Symphorien akamwonyesha kijia, akamwonyesha lile jibu. Falone alisoma, akasoma tena, halafu akasema polepole, "Kwenda uone kwenye ile njia inaishia. Ni mutoto wetu moja tu tuko naye."

Symphorien akaondoka kwa pikipiki jua likiwa juu. Mahali ramani ilipoonyesha mwisho wa kijia palikuwa mwendo mfupi tu kutoka mji, nyuma ya malisho ya ng'ombe, kwenye nyasi zinazomfika mtu kifuani. Aliacha pikipiki akaingia kwa miguu. Na kijia kilikuwepo. Kilikuwa na upana wa mtu mmoja, nyasi zake zimelala zote kuelekea Mweso, zimelowa na kuchuruzika maji wakati ardhi yote pembeni ilikuwa imepasuka kwa ukame, na alipokifuata alifika mahali ambapo kinakwisha ghafla mbele ya ukuta wa nyasi zilizosimama wima, kama vile anayekitengeneza bado amesimama pale, hajainua mguu wa pili, naye Symphorien alisimama nyuma yake karibu kiasi cha kusikia matone yakidondoka, to, to, to, kutoka kimo cha bega la mtoto, bila kuona kinachodondosha. Kisha unyasi mmoja mbele yake ukainama. Ukafuata mwingine.

Hakukumbuka alivyofika kwenye pikipiki.

Kibandani alimkuta mama mmoja aliyefuata simu yake. Aliitwa Joséphine-Marie, wa kabila la Wahunde, mkulima wa maharage ambaye vita vilimtoa kwenye kilima chake na sasa alilima shamba la kukodi. Alikuwa mtu mkali, asiyependa maneno mengi. Symphorien alipompa simu, mama yule akamshika mkono na kuunusa.

"Ulifika ku maji yetu," alisema.

"Mama, mi sikufika kule juu. Nilifika huku chini tu."

"Basi njo maji ilishuka." Akakaa kwenye benchi. "Ni nani alitia jina ku ile fasi ya maji?"

Symphorien akamwambia. Joséphine-Marie alifunika mdomo kwa kitambaa chake. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba chemchemi ile haikuwa na jina tangu mababu, si kwa kusahau, bali kwa makusudi. Baba yake alikuwa akiilinda. Watoto wa kijiji waliochota maji pale walisema tu "kule". Jini lililomo halikuwa na jina, na kisichoitwa hakina namna ya kutoka kilipo.

"Sasa iko na jina ya mutoto. Iko natafuta fasi ile jina inalala."

"Nitafuta ile jina, mama. Nafuta sasa hivi!"

"Ufute wapi? Mu simu? Jina ilishaingia ndani yake."

Wakati huo dereva mmoja wa lori, Akilimali, akachungulia dirishani, amefurahi. "Papa Aimée! Ramani yako iko muzuri kabisa. Leo tulipumuzikia pale ku Aimée, hata kama ile fasi inanuka."

Papa Aimée. Ndivyo mji mzima ulivyomwita, na mkewe ulimwita Mama Aimée, sokoni, kanisani, njiani, kila salamu. Symphorien akafikiri ni mara ngapi kwa siku jina lile hutamkwa Mweso, na kila linapotamkwa kile kitu cha milimani husikia kinaitwa, nacho kinakuja kwa sababu kinaitwa. Akafungua ramani. Kijia kilikuwa kimevuka malisho. Kimepita nyuma ya soko. Kilikuwa kimeingia katika mchoro wa nyumba yake, vile vyumba viwili alivyovichora kwa mkono wake, na kimesimama kwenye pembe ya kulia, palipo na mkeka wa mtoto.

Walikimbia wote wawili mpaka nyumbani, Joséphine-Marie akipandisha kitenge.

Falone alikuwa amejibana ukutani. Aimée alilala kwenye mkeka, macho wazi, midomo ina rangi ya jivu. Pembeni yake mkeka ulikuwa umebonyea, mbonyeo mdogo, wa mwili wa kimo chake, na maji yalikuwa yakikusanyika ndani ya ule mbonyeo. Ilikuwa saa za watoto kutoka shule, nje wanapita wakiimba, jua linaingia dirishani, na ndani ya chumba mnasikika matone yakidondoka kwenye sakafu kavu.

"Fungeni mulango," Joséphine-Marie alinong'ona. "Musimuite. Musiseme ile jina hata mara moja."

Alichota majivu mafigani, akayamwaga kuzunguka mkeka wote. Hakuwa mganga. Aliwahi kumwona baba yake akifanya hivyo mara moja tu, alipokuwa msichana, na mengine aliyasahau. Alipokwama alisali Salamu Maria, kisha akarudi kwenye maneno ya Kihunde, akachanganya yote, akalia huku anaendelea. Akauliza, "Unataka nini kwa hawa batu?"

Mdomo wa mtoto ukafunguka. Sauti ilikuwa ya Aimée, ila ilitoka kama kutoka chini ya kisima.

"Mimi sikujileta. Niliitwa."

"Basi rudi!"

"Niko na jina. Mwenye iko na jina iko na mama." Na kichwa cha mtoto kikageuka taratibu, kikamtazama Falone. "Mama."

Falone akapiga yowe, akataka kumrukia mwanawe, Symphorien akamshika kiuno. Walianguka wote chini.

"Nifanye nini?" Symphorien alimlilia yule mama. "Useme, nifanye nini?"

Joséphine-Marie hakumtazama. "Jina haiondolewe bure. Inabadilishwa na ingine. Ya muntu muzima, mwenye anakubali."

Falone ndiye aliyeelewa kwanza. "Hapana," alisema. "Tia yangu. Symphorien, tia yangu mimi!"

Lakini simu ilikuwa mkononi mwa Symphorien, na vidole vyake vilijua njia. Alikwenda kwenye chemchemi ramanini, akalifuta jina la binti yake, akaandika lake lote, Katembo Symphorien, akalituma. Halafu akalisema kwa sauti, mara moja, akiutazama ule mbonyeo mkekani.

Matone yakakoma. Maji yaliyokusanyika yakanywea. Aimée akakohoa, akakaa, akaangalia watu wote kwa mshangao. "Mama, niko na njaa," alisema, na Falone akamkumbatia, akalia kwa sauti iliyofika sokoni.

Kati ya mkeka na miguu ya Symphorien sakafu ilikuwa ikilowa, hatua kwa hatua.

Hakusubiri. Alimwambia mkewe kwamba atakiongoza kile kitu mbali nao, atakwenda njia ya Masisi na Nyabiondo mpaka ndani ya Walikale, na kwamba hutembea kwa miguu, hakitaiweza pikipiki. Alimwomba asimwite hata kwa simu. Alitaka kumbusu mtoto, akajizuia. Akaondoka hivyohivyo, bila koti.

Falone alijifunza ramani kwa sababu ya woga. Kila asubuhi aliifungua, na kila asubuhi kijia kilikuwa kimetoka nyumbani kwake na kusonga, polepole, mwendo wa mtoto anayetembea, kikifuata barabara aliyoipita mumewe. Mtoto alikula, akacheza, akaitikia jina lake. Baba alikuwa ametulia Mpofi, huko Walikale, akatuma ujumbe mfupi kwamba amepata kazi ya kutengeneza simu na kwamba kile kitu kikikaribia atasonga tena. Falone akamwandikia: "Inakaribia. Toka." Akaandika tena. Ujumbe haukufika. Mtandao ulikuwa umekatika huko.

Kijia kikaingia Mpofi, kikakoma.

Siku mbili Falone hakulala. Halafu simu ikalia.

"Mama Aimée," ilisema sauti ya Symphorien, nzima, changamfu. "Imeisha. Imenipita, ikaenda mu pori. Niko narudi."

Falone alipiga magoti, akamshukuru Mungu, akamshukuru Bikira Maria. Akawaambia majirani. Aliweka maharage motoni. Ndipo akafungua ramani, apate tu kuuona mstari ukipotelea porini.

Mstari haukuwa porini. Ulikuwa barabarani, unarudi. Umepita Nyabiondo, umepita Masisi, na mbele ya macho yake ulikuwa unarefuka, si kwa mwendo wa mtoto tena. Ulikuwa unakuja kwa mwendo wa pikipiki. Kilichopewa jina la mumewe sasa kilikuwa na mke na mtoto wa kuwarudia.

Lori la Akilimali lilikuwa limewashwa sokoni, limejaa magunia, linaelekea Pinga, upande wa pili. Falone alimbeba mtoto, akakimbia bila viatu, akamsukuma juu ya magunia, akapanda. Majirani walikuwa wanapiga kelele za furaha upande wa pili wa soko, "Papa Aimée! Papa Aimée anarudi!" na mlio wa pikipiki ukasikika ukishuka kilima.

"Endesha," alimwambia Akilimali. "Nakuomba, endesha!"

Lori lilipotoka mjini, Aimée aliinua kichwa juu ya magunia. Mtu alikuwa amesimamisha pikipiki katikati ya vumbi, shati limemganda mwilini, amelowa kutoka kichwani hadi miguuni. Hakuwafuata. Alinyoosha tu mikono yote miwili.

"Mama, ni papa," mtoto alisema. "Ni papa kabisa. Iko nalia."

Falone alimfunika macho kwa kiganja, akamkaza kifuani. Hakugeuka kutazama, na lori likaendelea kupanda.