Kilichojificha Ubavuni mwa Boti

Vumbi la mbao lililotoka kwenye keekee lilinukia udi. Fundi Haitham akadhani kuna mwanamke anapita, akageuka. Pwani ya Chukwani, jua la utosi, hapakuwa na mtu. Palikuwa na boti tu juu ya magogo.

Abrahman, mwenye boti, alimtaka aitoboe ubavuni kwa chini amfungie sona ya kutafutia samaki. Ubavu wa boti ulikuwa na ngozi mbili za faiba, katikati mbao laini. Fundi akishatoboa, huikwangua ile mbao kuzunguka tundu, akajaza resini, gundi inayoganda ikawa ngumu, maji yasije yakaingia yakaiozesha. Haitham akatia kidole kupima alivyokwangua.

Kitu kikakishika.

Hakikubana. Kilikishika taratibu, kama kitoto kichanga. Haitham akakichomoa kidole, akakoroga resini upesi, akaliziba tundu lote, sona hata hakuikumbuka.

Resini ilipokauka, ngo, ngo, ngo, pakaanza kugongwa ndani ya ubavu, kwanza omoni kule mbele, kisha tezini kwa nyuma, kisha pale pale alipoegemeza bega, na kila aliposogea kugonga kukamfuata, mpaka ikaja sauti ya marehemu mama yake, ile ile aliyokuwa akimwitia chakula, ikamwita, "Haitham!" na ulimi ukamtangulia, akaitika:

"Naam."

Kugonga kukakoma.

Alimpigia simu Abrahman, naye baada ya alasiri akaja na Bi Mwatima, mganga wa Makunduchi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Ulimwitika?"

"Nshamwitika."

Bi Mwatima akafumba macho kidogo. "Basi mfungulie."

"Bi, n'naogopa," Haitham alinong'ona. "Si atatoka?"

"Na ukimwacha humo? Mwenzio kesho anapakia watu."

Ubani ukafukizwa. Bi Mwatima akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti ya chini, na Haitham akaishika keekee akatoboa pale pale, na maji yakamwagika, meusi, ya chumvi, kutoka kwenye boti iliyokaa mwezi mzima pakavu, yakamwagika hata yakawafika vifundoni, na mchanga haukuyanywa, yakapita baina ya miguu yao kama yanayojua yaendako, nayo hayakwenda baharini.

Kisha yakakatika.

"Ametoka," alisema Bi Mwatima. "Boti yako salama, Abrahman."

"Kaenda wapi, Bi?" aliuliza Haitham.

Bi Mwatima alikuwa anakunja msala wake. Hakumtazama. "Mie nimemtoa tu, mwanangu. Pa kwenda kajichagulia."

Magharibi ilikuwa inaadhiniwa Haitham alipofika kwake Mpendae. Akapiga hodi. Saadiya, mkewe, akafungua mlango akicheka, kichwa wazi, kama afanyavyo siku zote. Kisha macho yakampita mumewe begani. Kicheko kikamkatika. Akaivuta kanga upesi akajifunika nywele, akarudi nyuma kupisha njia.

"Karibuni," alisema kwa haya. Halafu akamnong'oneza mumewe: "Ungenambia basi kama unakuja na mgeni."