Moyo Unanichafuka

Kila asubuhi, kabla ya darasa, Ikupa alipita wodini na daftari. Alikuwa mwaka wa pili katika shule ya uganga mjini Iringa. Kazi yake ilikuwa kumwuliza kila mgonjwa mpya anaumwa nini. Jibu aliliandika, na bwana mganga alilisoma.

Siku moja aliletwa Bibie, mwanamke wa Ipogolo. Wazee wake walitoka pwani.

"Unaumwa nini, mama?"

"Moyo unanichafuka, mwanangu. Tangu jana, moyo unanichafuka."

Ikupa aliandika: MOYO.

Yeye alizaliwa milimani, Mbeya. Nyumbani walisema Kinyakyusa. Kiswahili alikipata shuleni, na shuleni moyo ulikuwa ule unaodunda kifuani.

Bwana mganga akausikiliza moyo wa Bibie. Akausikiliza tena. Akaamuru alazwe kitanda cha pembeni, asisumbuliwe. Bibie aliona haya kuchafua shuka nyeupe. Akawa anatapika ndani ya kanga yake, kimya kimya.

Adhuhuri Yunusu, dresa mzee wa kufunga vidonda, akamkuta macho yamezama na midomo imekauka. Akamwuliza mwenyewe anaumwa nini, kisha akatazama daftari.

"Nani kaandika moyo?" aliuliza.

Ikupa akainua mkono.

"Moyo kuchafuka ni kutaka kutapika, binti! Hukujua?"

"Kitabuni hamna, baba."

"Kwani uliyemwuliza ni kitabu?"

Bibie akatiwa maji kwa sindano. Jioni akafumbua macho, akamwona Ikupa amesimama kando analia.

"Nyamaza, mwanangu," alisema. "Nusura nife na moyo mzima."

Wodi nzima ikacheka. Ikupa hakucheka.

Kesho yake alimwendea mwalimu wake. Aliomba wanafunzi wafundishwe maneno ya wagonjwa.

"Hayamo katika mtihani," mwalimu alijibu. "Soma yaliyomo."

Yunusu alipopata habari, akasema, "Basi njoo kwangu Ipogolo Jumamosi. Mke wangu hana mtihani."

Ikupa akaenda. Mwanakhamisi, mke wa Yunusu, alimkalisha mkekani, akawaita majirani. Kila Jumamosi wanawake walisema, naye akaandika.

"Mgonjwa akisema neno usilolijua, usikisie," Mwanakhamisi alimfundisha. "Mwambie akuonyeshe kwa mkono. Mwulize imeanza lini. Mwulize ametapika, ameharisha, amekunywa nini. Ukiona haya kuuliza, yeye ataona haya kujibu."

"Na aulize polepole," jirani mmoja alidakia. "Huyu anauliza kama karani wa kodi!"

Likizo ilipofika, Ikupa alikata shauri kubaki, asome Ipogolo kila siku. Akaandika barua nyumbani. Jibu lilikuja kwa basi: kaka yake, Isakwisa, vumbi la barabara ya Nyololo bado limo kichwani.

"Funga mzigo," alisema. "Baba anasema urudi."

"Kwa nini, kaka?"

"Dereva wa lori amekuona ukiingia nyumba za Waislamu wa Ipogolo. Kanisani wanasema umesilimu. Baba anasema usiporudi sasa, hutarudi shuleni tena."

Ikupa alikuwa mtu wa kuinamisha macho. Siku hiyo hakuyainamisha.

"Sirudi."

"Unasemaje?"

"Nasema sirudi. Ninasali Jumapili kama zamani. Jumamosi ninajifunza. Nilikaribia kumwua mtu kwa neno moja, kaka. Baba akinitoa shuleni, nitakuja kufua shuka za hospitali hii. Lakini kwa Mwanakhamisi nitakwenda."

"Maneno ya wanawake wa mjini ndiyo uganga?"

"Umemsahau bibi Tusajigwe?"

Isakwisa hakuwa amemsahau. Bibi yao alipougua, alipelekwa kwa dresa aliyetoka mbali. Bibi alisema Kinyakyusa. Dresa hakuelewa, akampa dawa ya kichwa. Walimzika juma lile.

Ikupa akampa daftari. "Mpelekee baba. Asome ukurasa wa kwanza, kisha aamue. Lakini mwambie mimi nimekwisha amua."

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na kosa lake: MOYO. Chini yake alikuwa ameandika habari zote za Bibie, bila kujificha.

Majuma matatu yakapita. Ikupa hakujua kama bado ni mwanafunzi. Hata hivyo kila siku alishuka Ipogolo.

Kisha daftari likarudi na basi. Baba yake, mzee Fanueli, hakuandika barua. Lakini nyuma ya daftari kulikuwa na kurasa saba za mwandiko wake mkubwa. Alikuwa amezunguka nyumba za mlimani, akawauliza wanawake maneno yao ya ugonjwa kwa Kinyakyusa, kila neno na Kiswahili chake. Neno la kwanza lilikuwa lile alilolisema bibi Tusajigwe. Mwisho aliandika: "Wafundishe na wenzako."

Muhula ulipoanza, wanafunzi wanne waliteremka Ipogolo pamoja naye. Mhehe alileta maneno ya Kihehe, Mbena ya Kibena. Mwalimu alisema tena kwamba hayamo katika mtihani. Walimwitikia kwa heshima, wakaenda. Mwezi wa pili mwalimu mwenyewe aliomba daftari ili alinakili.

Asubuhi moja mwanamke mgeni aliingia wodini, kanga mdomoni.

"Moyo unanichafuka," alisema.

Ikupa hakuandika kitu. Alikimbia kuleta beseni, akamshika bega, kisha akauliza polepole, "Tangu lini, mama?"